Bwana Yule wa Tanuri

3 Februari

Kwa Mkusanyaji wa "Vyuma Vilivyozama",

Anwani yako nimeitoa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kaseti ya sita. Kama umehama, namwomba aliyeifungua barua hii aitupe tu, asiisome.

Mimi ni mpenzi wa siku nyingi wa roki nzito ya miaka ya sabini, hasa zile santuri ndogo za bendi zilizotoa wimbo mmoja zikapotea. Ninazo kaseti zako tano: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya tano na ya sita. Ya nne sina. Boksi lilikuwa la mjomba wangu. Alipohamia mbali kikazi aliliacha chini ya kitanda, na hilo pengo lilikuwamo tayari. Nimelivumilia, sasa limenishinda. Ni kama jino lililong'oka, ulimi hauachi kwenda palepale.

Naomba kujua bei. Nimetafuta namba yako ya simu kwenye karatasi zote, sikuiona.

Wako katika fani,
Kimya
(ndivyo wanavyoniita kazini)


19 Februari

Ndugu Kimya,

Simu sina na sitaki.

Bei pia sina. Naona mjomba wako hakukueleza utaratibu. Kaseti zangu haziuzwi, zinabadilishwa na habari. Kila kaseti ina nyimbo kumi na mbili, na nyingi kati ya hizo sijui nani alipiga nini, wala kama yu hai. Niletee jambo moja la kweli nisilolijua kuhusu bendi yoyote niliyoikusanya, nami nitakutumia ya nne. La kweli, nasema. Mwaka jana mtu aliniandikia kwamba mpiga besi wa bendi fulani ni shemeji yake. Nikamuuliza, shemeji yako alikuwa anapiga kwa mkono gani? Akajibu, "Mkono wake mwenyewe." Hakupata kaseti.

Ninachokitafuta kuliko vyote ni habari za Tanuri, walioimba "Nifungulie", wimbo wa mwisho kwenye kaseti ya sita. Kama una masikio unajua ninachokisema. Bwana yule ana koo kama pango. Nimekusanya miaka thelathini, sijasikia dume jingine likiimba vile.

Andika kwa herufi kubwa kidogo. Mwandiko wako ni wa sisimizi.

Mkusanyaji


8 Machi

Ndugu Mkusanyaji,

HERUFI ZA NAMNA HII ZINATOSHA? Naona zinapiga kelele. Nitaandika za katikati.

Ulivyoitaja "Nifungulie" umenigusa penyewe. Huwa naisikiliza nimelala sakafuni na hedifoni za mjomba, kwa sababu mama yangu ni muuguzi na mchana ndiyo usiku wake. Sakafu ya chumba changu ina ufa unaoanzia mlangoni, nami hulala nao sambamba. Sijui kwa nini nakuambia hivyo.

Acha nikuambie na lingine, maana wewe hunijui. Kazini kwetu mtu huitwa asimame mbele ya wenzake aeleze jambo. Sauti yangu ni nyembamba, na ikitoka inakatikakatika. Siku moja mmoja alipaza, "Jamani, betri zimekwisha!" na chumba kizima kikaanguka kwa kicheko. Tangu hapo nikiulizwa natikisa kichwa. Ndipo likaja hili jina. Lakini kabla ya kusimama huwa naupiga ule wimbo kichwani, na bwana yule anaimba "nifungulie, nimebeba moto mkononi", nami napata kama dakika nzima ya kuwa mtu mzito. Halafu nakaa bila kusema neno. Ila ile dakika nabaki nayo.

Hapa mtaani kuna fundi wa redio mwenye rundo la santuri kuukuu. Nitaanzia kwake.

Kimya


25 Machi

Mzee mwenzangu,

Nakuita hivyo kwa sababu hakuna kijana anayelalamikia pengo la kaseti. Wao kila kitu wanacho mfukoni, pengo watalijulia wapi?

Barua yako nimeisoma mara tatu. Hiyo ni kazi gani inayosimamisha watu wazima mbele ya wenzao kama watoto? Waambie wakuache. Mimi nilikuwa fundi mitambo kwenye studio ya redio miaka ishirini na sita, nimekaa nyuma ya kioo, sijawahi kusema neno hewani, na dunia haikusimama.

Umenipa lako, nami nikupe langu. Naishi na santuri elfu mbili na birika moja. Mke wangu alitangulia, mwaka wa tisa huu. Jumapili binti yangu huja: anapika, anafua, anagomba. Anataka nihamie kwake, kwenye chumba ambacho kabati likiingia, mimi nabaki nje. Siku hizi kapata tabia ya kupayuka kana kwamba niko ng'ambo ya barabara. Nikimwambia apunguze ananitazama kwa huruma, nami huruma siipendi.

Sasa habari yenyewe. Kuna kampuni ndogo ya wapenzi wa roki inayotaka kuzitoa nyimbo zangu kumi na mbili bora kwenye santuri kubwa, santuri ya kweli, yenye jalada na maelezo niliyoyaandika mimi. Itafunguliwa na "Nifungulie". Mwisho wa Mei natakiwa niwe nimepeleka kila kitu. Wakusanyaji wote wataiona, hata wale walioniita mwokota makopo.

Unajua nilivyoipata? Ndani ya sanduku la bati la marehemu fulani, miaka minne iliyopita. Lebo imeliwa na mende, limebaki jina la bendi na la wimbo basi. Nikaiweka kwa mwendo wa polepole, mizunguko thelathini na tatu kwa dakika, na spika ikatetemeka mpaka kifuniko cha birika kikacheza. Nikaweka kiganja juu ya kasha la spika, nikakaa hivyo hadi mwisho. Siku hizi ndivyo ninavyosikiliza, kwa kiganja. Jaribu.

Mkusanyaji


14 Aprili
(haikutumwa)

Mzee,

Leo nimeipata.

Fundi wa redio alikubali nichambue rundo lake baada ya kumpangia skrubu kwenye vikopo Jumamosi tatu. "Wewe mtoto," aliniambia, "wenzako wanatafuta wachumba, wewe unatafuta vigae." Leo nimevuta moja kutoka katikati: Tanuri, "Nifungulie". Lebo nzima kabisa. Chini ya jina la wimbo imeandikwa 45.

Nikamwomba aiweke kwa thelathini na tatu.

"Hujui kusoma? Arobaini na tano hiyo."

"Weka tu, fundi."

Akaweka. Akatoka bwana wetu na pango lake, vilevile kama kwenye kaseti. Nilitaka kulia kwa furaha.

"Umesikia hiyo?" fundi akasema. "Ng'ombe anapiga miayo." Akasukuma swichi kwa kidole kimoja.

Bwana yule akaondoka mbele ya macho yangu, katikati ya neno. Akaingia msichana. Mzee, ni msichana, labda wa umri wangu, na sauti yake ni nyembamba kama yangu.

"Haya," fundi akasema, "sasa ni binadamu."

Ulikosea mwendo. Mende walikula ile namba, nawe ukakisia. Lakini mtu aliyekaa nyuma ya kioo miaka ishirini na sita hakisii, anasikia. Ngoma zinavutwa, gitaa linavutwa, hata mimi nikisikiliza sasa nashangaa nilidanganyikaje. Kwa nini wewe hukusikia? Kutwa nzima nimekuwa namfikiria binti yako anayepayuka, na simu usiyoitaka, na kiganja.

Nikikuambia, nitakuwa nimekuambia na hilo.


15 Aprili

Mzee mwenzangu,

Kwa fundi sijapata kitu. Mvua imenyesha wiki nzima. Nimejaribu kusikiliza kwa kiganja, ni kweli, inaingia kupitia kiwiko.

Nitaendelea kutafuta.

Kimya


2 Mei

Mzee mwenzangu,

Fungua hiyo bahasha ya pili kwanza. Ndiyo, ni ya nne. Habari hukuleta, na utaratibu ni utaratibu, lakini nimekaa nikajiuliza: katika miaka hii tisa nani ameniandikia barua tatu mfululizo bila kuniomba kitu zaidi ya mara moja? Rafiki hapimiwi kwenye mizani. Usiwaambie wengine.

Maelezo ya jalada nimeyamaliza. Sikiliza yanavyoanza: "Sauti utakayoisikia ni ya mwanamume mzima aliyeyaona ya dunia. Hakuna bendi kubwa ya zama zile iliyokuwa na koo kama hili, na anayebisha na alete la kwake." Hapo mwisho nimewachokoza makusudi. Kwenye shukrani nimeandika jina lako, baada ya la marehemu mke wangu.

Nitapeleka kila kitu tarehe thelathini. Nimekuwa nikiamka mapema siku hizi, kama mtu mwenye kazi.

Mkusanyaji


9 Mei

Shikamoo Mzee,

Barua zote hizi sijakuamkia hata mara moja. Sikukosa adabu. Ningekuamkia ungejua.

Nina miaka kumi na sita. Mimi ni msichana. "Kazini" ni shuleni, na wanaosimamishwa mbele ni wanafunzi. Tunatakiwa tuongee ile lugha nyingine, ya masomo. Nyumbani tunaongea hii. Ninazo lugha mbili na zote naziogopa nikitakiwa kuzitoa mdomoni. Kwenye karatasi siogopi. Sikusema uongo mkubwa, nilikuacha tu ukosee, halafu nikaona raha kuitwa mzee mwenzako. Umenisimulia mambo ambayo mtu hamsimulii mtoto, nami nikayapokea kama vile ni yangu. Nisamehe, au usinisamehe, lakini soma hadi mwisho.

Santuri iliyo ndani ya kadibodi hizi mbili ni "Nifungulie". Niliipata tarehe kumi na nne Aprili, na tarehe kumi na tano nikakuandikia kwamba sijapata kitu. Tazama lebo, chini ya jina la wimbo. Ni arobaini na tano, Mzee. Bwana yule hayupo. Anayeimba ni msichana.

Usiniamini mimi. Jumapili mwombe binti yako asikilize.

Ningeweza kunyamaza, kunyamaza ndiyo fani yangu. Lakini santuri ikitoka vile, siku moja mwingine ataipata nakala kama hii, na wale waliokuita mwokota makopo watacheka, nami nitakuwa nimekaa hapa sakafuni nikijua kwamba nilijua. Ya nne nairudisha pia. Niliisikiliza mara moja tu. Haikuwa halali yangu.

Kimya


4 Juni

Shikamoo Mzee,

Mwisho wa Mei umepita. Sijui kama ulipeleka. Sijui hata kama kifurushi kilifika. Kila siku nikitoka shule napitia posta, na karani sasa akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Leo kaniambia, "Dada, huyo mchumba mwache." Nimecheka ili asiendelee.

Hata ukiniandikia matusi, nitayasoma.

Kimya


12 Juni

Mdogo wangu,

Mimi ni binti wa huyo unayemwandikia. Barua yako ya mwisho nimeipokea mimi, hajaiona.

Baba hasikii. Mwaka wa tano huu. Sauti nene anazipata kidogo, nyembamba hazipati kabisa, hata za wajukuu zake. Wote tunajua, naye anajua kwamba tunajua, na hakuna anayelitaja. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi.

Jumapili ile alinikalisha kitini, akaweka santuri yako, akanipa kalamu na karatasi aliyoandika: "Mwanamume au mwanamke?" Nikasikiliza. Nikaandika: "Mwanamke." Akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akasema niende nyumbani kabla jua halijawa kali. Tangu siku hiyo hajawasha ile mashine. Birika ndilo linalowashwa tu.

Sikulaumu, mtoto wa watu, ulitaka mema. Lakini usimwandikie tena. Muache apumzike.

Binti yake


20 Agosti

Mjukuu wangu Kimya,

Marahaba.

Miezi mitatu! Ndiyo adabu ya watoto wa leo, mnatupa jiwe mnakimbia? Nimekuwa nikimuuliza binti yangu kila Jumapili kama kuna barua, anasema hakuna, anageukia sufuria. Nikasema basi, kanichoka, au mitihani imemmeza. Au anaogopa nimekasirika. Nilikasirika. Nilikasirika Juni yote, na Julai nikaendelea kwa mazoea.

Sasa nisikilize. Baada ya binti yangu kuniandikia lile neno moja, niliiweka santuri yako mwenyewe, kwa arobaini na tano, nikaweka kiganja. Palikuwa na mtikisiko mdogo wa besi, kama mtu anayetembea chumba cha pili. Mwimbaji sikumpata. Nikaongeza sauti hadi jirani akaja kugonga mlango, maana niliuona mlango ukitikisika. Sikumpata. Nikakata tamaa, nikaizima mashine, na kwa muda mrefu sikuigusa.

Elewa basi ulichonifanyia: wimbo nilionao ni ule ambao haupo, na ule uliopo sinao. Huo ndio ukweli, na siku zile za studio ningemfukuza kazi fundi aliyenificha jambo kama hilo. Umefanya sawa. Nilikuwa napenda zaidi ulivyokuwa mzee mwenzangu, lakini umefanya sawa.

Tarehe thelathini Mei sikupeleka. Niliwaandikia kampuni kwamba nina hitilafu ya mitambo. Wamenipa hadi mwisho wa Septemba. Wimbo utatoka kwa mwendo wake. Kwenye jalada nimeandika: "Mwimbaji: msichana, jina halijulikani." Hapo nikakwama. Yale ya mwanamume aliyeyaona ya dunia nimeyachana, na siwezi kuandika maelezo ya sauti nisiyoisikia. Nisingemruhusu mtu mwingine afanye hivyo, sembuse mimi.

Nakurudishia santuri, na ya nne, na usinirudishie tena, si mpira huo. Kaa chini uniandikie anavyoimba. Usinipambie. Usiandike "sauti nzuri", "sauti nzuri" hata tangazo la sabuni linayo. Niambie kilichopo.

Mkusanyaji


3 Septemba

Shikamoo Babu,

Sikuacha kuandika kwa jeuri. Nilikuwa na sababu, nayo ni nzuri, na naomba usiniulize wala usimuulize mtu yeyote.

Nimeisikiliza kutwa nzima, bila hedifoni. Mama alikuwa macho anakunja nguo. Aliuliza, "Huyu kaimba ana mafua?" kisha akaketi ukingoni mwa kitanda akasikiliza hadi mwisho, shati la kazi likiwa mapajani. Nimelitia hilo kwa sababu umesema nisipambe.

Gitaa linatangulia. Si zito kama ulivyolisikia, lina haraka, kama mtu anayeshuka ngazi akiruka mbilimbili. Ngoma hazipigi vishindo, zinagonga mlango, na anayegonga hana subira. Besi ndiyo ile uliyoipata, inatembea chumba cha pili.

Halafu yeye. Sauti iko juu na ni nyembamba, na pembeni ina mkwaruzo, kama karatasi inayochanwa polepole na mtu ambaye hajaamua. Haijakaa sawa kila mahali. Ubeti wa pili anaingia mapema kwa neno moja, anajishtukia, anasita, na mpiga besi anamngoja. Nimefurahi sana alivyomngoja. Kwenye "nimebeba moto mkononi" haimbi kama mtu mzito. Anaimba kama mtu ambaye kweli unamuunguza na hajaonyeshwa pa kuuweka. Babu, si sauti kubwa. Ungemsikia dukani anaomba chumvi usingegeuka.

Sijui nani alikuwa rafiki yake pale studio. Nimejaribu kusikia kama kuna mtu anacheka nyuma, hakuna. Ni yeye, na vyombo, na sauti ya chumba kitupu.

Kabla ya kiitikio cha mwisho vyombo vyote vinanyamaza anabaki peke yake. Kwa mwendo wa polepole pale pana kitu kama upepo. Si upepo. Anavuta pumzi. Ni pumzi fupi, imekatika katikati, ya mtu aliyesimama mbele ya watu ambao hawamngojei. Nimeirudia mara kumi na nne kwa ajili yako, na kila mara nimejua kabisa kwamba safari hii hataweza.

Kisha anaimba.

Kimya